Kinamasi kwenye Beseni: Kupanda Mimea Inayokula Wadudu Mtwara na Lindi

Kila anayeingia uani kwangu hapa Mtwara huinama kwenye lile beseni lililozikwa karibu na ukuta, akatazama majani mekundu yanavyometameta kama yamenyunyiziwa asali, kisha maswali ni yaleyale. Unayapa nyama? Unaweka mbolea gani? Mbona hayakauki na jua hili? Na mimi nitaipata wapi? Nimejibu kwa mdomo hadi nimeona bora niandike, anayetaka kuanza asome, afuate, asipoteze mimea kama nilivyopoteza mimi mwanzoni.

Jibu langu la kwanza kwa kila anayeanza ni hili: usitafute mmea wala mbegu kabla hujaweka akiba ya maji ya mvua. Mimea hii haifi kwa joto letu. Inakufa kwa maji yetu.

Sababu yake ni fupi. Mimea hii asili yake ni sehemu zenye unyevu muda wote na udongo uliooshwa na maji hadi ukabaki bila rutuba. Chakula ambacho mimea mingine hukipata udongoni, yenyewe hukipata kwa wadudu. Kwa hiyo mizizi yake haikuzoea chumvi, chokaa wala mbolea. Maji ya visima vyetu vingi vya pwani hupita kwenye mawe ya matumbawe, yaleyale yaliyojengea nyumba za zamani za Mikindani, na huja na chokaa, pengine na chumvi pia. Beseni langu la kwanza nililimwagilia maji ya kisima. Wiki ya tatu juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe, na ncha za majani zilikuwa nyeusi. Mwezi haukuisha.

Ni lini uanze

Huku Kusini tuna kifuku kimoja, takriban Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu na upepo wa kusi unaokausha kila kitu. Panga kazi yako hivi: Oktoba na Novemba tayarisha beseni, makumbi na mchanga. Mvua zikianza, kinga maji na uoshe makumbi. Januari hadi Machi panda. Mmea uliopandwa Februari utakuwa umeshika vizuri kusi ikianza kuvuma kwa nguvu. Uliopandwa Julai utahangaika, na wewe utahangaika nao.

Vitu vya kuwa navyo

- Beseni kubwa au diaba la plastiki, upana wa sm 60, kina cha sm 30. Chagua rangi nyepesi. Jeusi huchemka juani.
- Simtanki au mapipa ya plastiki yenye mifuniko, jumla lita 500.
- Makumbi ya nazi makavu, ndoo 3 za lita 20 baada ya kuchambuliwa.
- Mchanga wa mto, ndoo 2.
- Bomba la plastiki la inchi 2, urefu sm 45.
- Kipande cha chandarua, chekeche, msumari mnene na ndimu mbili tatu.
- Kipimo cha TDS, yaani kile kidude cha kuchovya kinachoonyesha wingi wa madini kwenye maji. Kama hukipati utaweza bila hicho, nitakueleza.

Usitumie karai la bati, wala chombo cha saruji. Saruji hutoa chokaa, na bati lililopakwa zinki si salama kwa mizizi hii. Mtungi wa udongo ni mzuri kwa macho, lakini maji hupenya kwenye kuta zake na kukauka nje. Kiangazi utamwagilia kutwa kucha.

Hatua ya 1: Kinga maji

Fanya hesabu kwanza. Beseni la upana wa sm 60 likiwa juani na kwenye upepo hupoteza kama lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Kutoka katikati ya Mei hadi mwisho wa Novemba ni siku kama 200. Hapo unahitaji karibu lita 400, na ndiyo maana nimesema simtanki la lita 500. Kulijaza si kazi: mvua ya milimita 1 kwenye bati la mita 1 ya mraba ni lita 1. Upande mmoja wa paa wenye mita 20 za mraba, mvua moja nzuri ya milimita 30, unapata lita 600 kasoro zile zinazorukia pembeni.

Ila usikinge mvua za kwanza. Hili nalisisitiza kwa wenzangu wanaoishi karibu na mikorosho. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi watu hupuliza salfa kwa ajili ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, na wengine hupuliza dawa za wadudu. Vumbi hilo hutua juu ya bati pamoja na kinyesi cha ndege na, kwa walio ufukweni, chumvi inayoletwa na kusi. Acha mvua tatu za nguvu zioshe paa. Ya nne ndiyo uielekeze kwenye tangi.

Walio Newala na Tandahimba watasema wao maji ya mvua wanayo tangu zamani, kwenye visima vya kuvunia vya saruji. Ni kweli, na ni matamu kwa kunywa, lakini maji yaliyokaa miezi ndani ya saruji yameshakunywa chokaa. Kwa beseni hili weka pipa la plastiki pembeni.

Ukiishiwa, maji yanayodondoka nje kutoka kwenye kiyoyozi yanafaa kwa kuvukia, ukiyakinga kwenye chombo safi. Maji ya chupa mengi yana madini, soma lebo.

Kupima: chini ya 50 kwenye kipimo cha TDS ni mazuri sana, hadi 100 yanavumilika, zaidi ya hapo acha. Asiye na kipimo adondoshe kijiko kimoja cha maji kwenye kipande cha kioo safi, akiache kikauke kivulini. Kikibaki na duara jeupe linaloonekana, maji hayo si ya kazi hii. Maji ya mvua huacha kioo karibu kama kilivyokuwa.

Hatua ya 2: Chagua mahali, kabla hujajaza

Beseni likijazwa linapita kilo 100, hutalihamisha tena. Tafuta mahali panapopata jua kuanzia asubuhi, saa sita kwa siku si mbaya, na pawe na kinga ya upepo upande wa kusini-mashariki: ukuta, ua wa makuti, chochote. Usiweke chini ya mkorosho. Majani yake huanguka na kuoza juu ya mimea, na ukipulizwa dawa ndiyo basi.

Chimba shimo uzike beseni theluthi mbili. Udongo wa nje utaukinga ule wa ndani na joto la mchana. Ukigusa kuta za beseni lililoachwa juu ya sakafu saa nane mchana utaelewa kwa nini.

Hatua ya 3: Toboa beseni ubavuni, usitoboe chini

Hapa wengi hukosea, kwa sababu mkono umezoea kutoboa chini kama kwenye kopo la maua. Pasha msumari moto, toboa matundu manne kuzunguka ubavu, sm 8 kutoka ukingo wa juu. Yote yaliyo chini ya matundu hayo ni hodhi ya maji; mvua ikizidi, maji ya ziada hutokea hapo na mimea haizami. Kwa kuwa umezika beseni, hakikisha matundu yako juu ya usawa wa ardhi ili uyaone yanavyofanya kazi.

Lile bomba la inchi 2 litoboe matundu madogo kwenye sm 15 za chini, kisha lisimamishe ndani ya beseni pembeni. Humo ndimo utakamomwagia maji, na humo ndimo utakamotumbukiza kijiti kupima kina. Mdomo wake ufunge kwa chandarua, la sivyo umefuga mbu.

Hatua ya 4: Osha makumbi

Wanaootesha mimea hii kwenye nchi za baridi hutumia peti, udongo wa kahawia uliochimbwa kwenye mabwawa ya huko. Maduka ya pembejeo ya mijini huuza peti ya kusia miche, lakini nyingi imeshachanganywa na mbolea na chokaa. Mfuko ukiwa umeandikwa kuwa una mbolea, urudishe. Sisi tunazo nazi, na makumbi yakioshwa sawasawa drosera, ile mimea yenye majani ya ulimbo nitakayoieleza mbele, huyakubali.

Tatizo la makumbi ni chumvi, na inategemea yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa kwenye matope ya bahari kwa ajili ya kusokota kamba usiyaguse kabisa. Chukua makumbi makavu kutoka kwenye nazi zilizofuliwa nyumbani. Yaponde kwa mchi, yachambue, nyuzi ndefu zikate kwa panga ziwe fupi kama kidole. Lile vumbi la kahawia linalodondoka usilitupe, ndilo linaloshika maji.

Namna niliyoizoea ya kuyaosha haigharimu kitu. Tia kila kitu kwenye gunia la kiroba, toboa chini, litundike chini ya mchirizi wa bati wakati wa mvua. Mvua ya kwanza, maji yanayotoka ni meusi kama chai ya mkandaa iliyokolea. Ya tatu yanakuwa rangi ya chai nyepesi. Baada ya mvua tano au sita yanatoka na rangi hafifu tu. Hapo chukua makumbi konzi moja, loweka kwenye bilauri ya maji ya mvua usiku kucha, asubuhi pima maji hayo kwa TDS au kwa kioo. Ikizidi 100, rudisha gunia mchirizini. Usiwe na haraka hapa. Wiki mbili za kusubiri mvua ni ndogo kuliko msimu mzima uliopotea.

Hatua ya 5: Pima mchanga kwa ndimu

Mchanga wa ufukweni haufai hata uoshwe mara mia, kwa kuwa ndani yake mna vipande vya makombe na matumbawe, na hivyo ni chokaa tupu. Hata mchanga unaoletwa na lori kwa ajili ya ujenzi unaweza kuwa umechotwa karibu na pwani. Weka kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe, ukamulie ndimu, sogeza sikio. Ukisikia mchachato au ukiona vipovu, una chokaa, tafuta mwingine. Mchanga ukinyamaza kimya, uchekeche kuondoa vumbi laini na uuoshe hadi maji yawe meupe.

Hatua ya 6: Changanya, jaza, subiri

Changanya makumbi ndoo moja na nusu kwa mchanga ndoo moja, ukiloanisha kwa maji ya mvua hadi ukikamua konzi idondoke matone machache. Jaza beseni ukishindilia taratibu kwa kiganja, acha sm 3 hadi ukingoni. Mwaga maji kwenye bomba mpaka yatokee kwenye matundu ya ubavuni. Liache wiki mbili linyeshewe. Makumbi yatashuka kidogo; ongeza.

Hatua ya 7: Mimea ya kuanzia

Kwanza niseme ya kutoanza nayo. Kila mtu anataka ule mmea wenye mdomo wa meno unaojifunga inzi akitua, Dionaea muscipula. Asili yake ni eneo dogo la majimbo ya Carolina huko Marekani, na kila mwaka unahitaji miezi kadhaa ya baridi ili upumzike. Mtwara haina baridi hiyo. Utaishi mwaka, pengine miwili, ukizidi kudhoofika. Sarasenia, ile yenye majani kama tarumbeta, nayo ni hivyohivyo. Usitumie pesa zako huko.

Anza na drosera. Hii haina mdomo wala meno. Ina vinywele vyenye tone la ulimbo kila ncha, na kama ulikulia huku unajua ulimbo unavyomshika ndege. Siku moja asubuhi nilikaa na kikombe cha uji nikimtazama mbu mmoja aliyetua kwenye jani. Miguu miwili ilinasa kwanza. Alivyozidi kujinasua ndivyo vinywele vya jirani vilivyomwinamia, kimoja kimoja, polepole mno. Uji ulipokwisha alikuwa amefunikwa ulimbo mwili mzima, na kufikia mchana jani lilikuwa limejikunja juu yake.

Kwa joto letu zinafaa Drosera burmannii, Drosera spatulata, na mbili ambazo asili yake imo pia Tanzania: Drosera indica na Drosera madagascariensis. Ongeza utrikularia ya ardhini kama Utricularia subulata au U. livida. Juu utaona vijiua vidogo tu, lakini chini kwenye udongo uliolowa kuna vifuko vinavyomfyonza mdudu wa majini kwa kasi isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Nepenthesi, ile yenye mitungi inayoning'inia, hupenda joto na unyevu wetu, hasa za nyanda za chini kama N. mirabilis. Kwenye bara la Afrika haina asili yake. Majirani zake wa karibu wako Madagascar na Shelisheli, na ile ya Madagascar iliandikwa na Mfaransa Étienne de Flacourt mwaka 1658, kabla ya nyingine zote. Lakini usiipande ndani ya beseni hili. Mizizi yake haitaki kukaa majini. Ipe kopo lake lenye matundu chini, itundike kwenye kivuli chepesi.

Kuhusu kuipata: ukikutana na drosera au utrikularia porini wakati wa kifuku, kwenye mchanga ulioloa pembezoni mwa mbuga, usiing'oe. Iking'olewa aghalabu hufa, na mahali penyewe panabaki patupu. Kama ziko nyingi na si ndani ya hifadhi, chukua mbegu chache kutoka kwenye shina moja au mawili. Ukiagiza kutoka nje, iwe mbegu au mmea, unahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania na cheti cha usafi wa mimea kutoka nchi inakotoka. Nepenthesi na Dionaea zimo pia kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo muulize muuzaji karatasi zake kabla hujalipa.

Hatua ya 8: Sia mbegu

Mbegu za drosera ni kama vumbi la tumbaku. Zisie alfajiri kabla upepo haujaamka. Kunja karatasi katikati, weka mbegu kwenye mkunjo, gongagonga kwa kidole huku ukizungusha mkono juu ya beseni. Usizifukie, zinahitaji mwanga ili ziote. Usimwagilie kwa juu, maji yatazikusanya pembeni. Jaza bomba tu, unyevu utapanda wenyewe. Funika kwa ki-ua cha makuti machache wiki za mwanzo ili jua la mchana lisizikaange. Zitachukua wiki 2 hadi 6, nyingine zaidi. Mche ukichomoza ni mdogo kuliko kichwa cha pini, lakini ulimbo wake tayari upo.

Ukipanda mche mkubwa, chimba kwa kijiti, tandaza mizizi, usizike kitovu chake.

Hatua ya 9: Maji, na hakuna kingine

Kifuku mvua itafanya kazi yenyewe. Kiangazi, kila baada ya siku mbili tumbukiza kijiti kwenye bomba. Maji yawe kati ya sm 5 na sm 12 chini ya uso wa udongo. Usijaze mpaka yatuame juu: hapo ndipo mbu wanapotaga, na miche huoza.

Mbolea usiweke, hata kidogo, hata samadi, hata ya majani. Nyama, dagaa, mayai, hapana. Nje kuna wadudu wa kutosha, na jioni moja ya kumbikumbi baada ya mvua inalisha beseni zima. Kumbikumbi wakizidi, waondoe wale wakubwa kwa kibano, maana jani likielemewa huoza pamoja na mzigo wake.

Mambo yakienda kombo

*Majani hayana ulimbo.* Kama umeyahamisha karibuni, subiri wiki mbili. Kama sivyo, ni kivuli kingi au kusi inayapiga moja kwa moja. Weka kinga ya makuti upande wa upepo tu, usifunike juu.

*Ncha nyeusi na ukoko mweupe juu ya udongo.* Madini. Mwaga lita 40 za maji ya mvua kwa juu, taratibu, zitoke kwenye matundu, kisha rudia baada ya wiki. Tafuta chanzo: maji, mchanga au makumbi, kimojawapo kimekudanganya.

*Utando wa kijani juu.* Maji yako juu mno, au kuna mbolea imeingia. Shusha kina, kwangua utando kwa kijiko.

*Kuku.* Watachakura beseni lolote lenye udongo laini, na miche ya miezi mitatu huisha kwa dakika mbili. Zungushia kipande cha nyavu kuukuu za kuvulia, ila ziloweke na kuzisuuza kwanza kwa maji yasiyo na chumvi.

*Sisimizi wamefanya kichuguu ndani.* Udongo umekauka. Jaza maji hadi kwenye matundu kwa siku moja, watahama. Usipulize dawa.

*Mbegu hazijaota mwezi wa pili.* Angalia kama zilifukiwa au zilipeperushwa. Kama hakuna kati ya hayo, endelea kuweka unyevu. Drosera indica hasa huweza kukaa kimya msimu mzima.

*Drosera indica imetoa maua kisha ikakauka yote.* Haijaugua. Ni mmea wa msimu mmoja. Kata vikonyo vilivyogeuka kahawia asubuhi pakiwa shwari, kung'uta mbegu kwenye karatasi, zifunge kwenye bahasha mahali pakavu. Nyingine zitakuwa zimeshaanguka zenyewe kwenye beseni, kwa hiyo usichimbue udongo. Endelea kujaza maji kwenye bomba hadi mvua za Desemba.